Silsila ya Mama: Tatizo la Kuhakiki Historia ya Jamaa katika Kiswahili cha Bonde la Ruzizi

Utangulizi

Uhakiki wa wasifu na tawasifu katika Kiswahili umeelekezwa zaidi kwa watu mashuhuri: washairi, viongozi na waimbaji. Mama wa shambani, asiyeacha daftari wala picha, hujulikana kwa jina la mtoto wake tu: Mama Fulani. Makala haya yanauliza: historia ya jamaa ya mama wa namna hiyo ikisimuliwa kwa Kiswahili, mhakiki aipime kwa kipimo gani? Mfano wetu ni Luberizi, katika Bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini, kwenye barabara iunganishayo Bukavu na Uvira. Hapo Kiswahili hukutana kila siku na Kirundi na Kifuliiru. Rai yetu ni kwamba kipimo cha kwanza ni uaminifu kwa maneno ya msimulizi, hata pale yanapokiuka usanifu.

Mama katika karatasi

Si Afrika peke yake ambako mama amefichwa. Katika mashamba ya kati-magharibi mwa Marekani, kama kule Iowa na Indiana, atafutaye nasaba ya mama yake huanza na sensa. Kabla ya mwaka 1850 sensa ya nchi hiyo iliandika jina la mkuu wa kaya tu; waliobaki walikuwa hesabu. Kuanzia mwaka huo kila mtu huru aliandikwa jina lake, ilhali watumwa waliendelea kuhesabiwa bila majina.

Katika Kongo ya Wabelgiji hali ilikuwa nzito zaidi. Sheria ya kodi ya mwaka 1914 ilimtoza mwanamume kodi ya kichwa, kisha ikaongeza kodi kwa kila mke baada ya yule wa kwanza. Hivyo mke wa pili aliingia katika daftari la serikali kama nyongeza ya kodi ya mumewe. Mtafiti wa Luberizi, basi, hana budi kutegemea masimulizi. Na kwa kuwa jamii za bonde hilo hufuata ukoo wa baba, masimulizi rasmi ya ukoo nayo hupanga wanaume, baba kwa mwana, huku mama akipita kama mgeni.

Vielelezo vitatu

Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, alitenda jambo kubwa: alimpa mwanamke aliyezaliwa Fumba, shambani Unguja, heshima ya kuandikiwa kitabu. Hata hivyo, sauti itawalayo humo ni ya mwandishi, mwenye kusifu na kutoa mafunzo ya maadili. Tunamwona Siti, kumsikia ni shida.

Sarah Mirza na Margaret Strobel walichukua njia nyingine. Katika kitabu chao kuhusu wanawake watatu wa Mombasa, kilichotolewa na Chuo Kikuu cha Indiana mwaka 1989, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy wanasimulia wenyewe. Hii ni hatua kubwa, lakini ni sauti za mji, na za watu ambao Kiswahili ni lugha yao ya kwanza.

Kielelezo cha tatu kinatoka Kongo. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumbani. Johannes Fabian alipoitoa mwaka 1990 hakuisanifisha; aliuacha mwandiko ulivyo na kuufafanua. Mada ya Yav ni mji na ajira, lakini utaratibu huo wa uhariri ndio unaomfaa mama wa Luberizi.

Hatari ya kusahihisha

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anasema: "Bibi ya muzee njo alinilea." Mhariri mwema anaandika: "Bibi wa mzee ndiye aliyenilea." Sarufi imenyooka, lakini jamaa imepinda. Katika Kiswahili cha Kongo "bibi" ni mke, na "muzee" aweza kuwa baba. Mama huyu alilelewa na mke mwingine wa baba yake. Kamusi yaijua maana ya mke, lakini msomaji wa Dar es Salaam leo hufikiria nyanya kwanza. Papo hapo mama wa kambo anageuka nyanya, na swali la mama mzazi alikwenda wapi haliulizwi tena. Mke yule yule aliyekuwa nyongeza ya kodi anafutwa mara ya pili, safari hii na kalamu yetu.

Wakati nao hupotea vivyo hivyo. Msimulizi wa bonde hilo aweza kuhesabu uzazi wake kwa uasi wa mwaka 1964, kwa vita vya mwaka 1996 vilivyovunja kambi za wakimbizi, au kwa mauaji ya Mutarule ya Juni 2014. Anayeweka tarakimu mahali pa maneno yake huhifadhi tarehe na kupoteza sababu ya mtoto kuzaliwa porini.

Yupo atakayesema kuwa lugha isiyo sanifu itamfanya mama achekwe, na kwamba kitabu lazima kisomeke Afrika Mashariki nzima. Hoja hiyo ina uzito. Jibu lake ni maelezo ya mhariri kando ya matini, wala si kuifuta matini yenyewe. Usanifu ni wajibu wa mfafanuzi; si sharti la kusikilizwa.

Hitimisho

Mhakiki na aulize mambo matatu: nani anasema, maneno ya ujamaa yamehifadhiwa katika maana ya wenyewe, na je, mpangilio wa matukio ni wa msimulizi au wa mhariri? Wanafunzi wetu wanaorudi makwao wakati wa likizo wanaweza kuianza kazi hii bila fedha nyingi. Wakifika kwa Mama Fulani, waanze kwa kumwuliza jina lake mwenyewe, kisha jina la mama yake.