Mtungi Usiotoka Jasho

Kiswahili kinamheshimu mfinyanzi kuliko sisi tunaokizungumza. Neno kuumba, ambalo leo tunaliweka kwa Mungu na kwa washairi, lina shina moja na kubumba, kitenzi cha Wahaya na majirani zao wa Maziwa Makuu kwa kazi ya kufinyanga. Kwa asili ya neno, muumba ni mtu mwenye udongo mikononi. Nyungu nayo ni ndugu wa enyungu ya Kihaya. Mwaka 2020, Watanzania walipohimizwa kujifukiza, nchi nzima ililikumbuka neno hilo. Wengi wetu tulipiga nyungu kwa sufuria.

Neno limebaki, chombo kimeondoka. Mimi ni mtoto wa Muleba niliyesoma ufinyanzi katika chuo cha sanaa, na tangu nihitimu nimekuwa nikijiuliza chuo kinafanya nini katika nafasi hiyo iliyo wazi kati ya neno na chombo. Hoja yangu ni hii: tumefundishwa ufinyanzi kama ujuzi uliotufikia kutoka mbali, na kwa sababu hiyo tumekosa kipimo chetu wenyewe cha kuamua chungu kipi ni kizuri.

Tuanze na historia tuliyosomeshwa. Ilianza na kaure ya China, ikapita kwenye bakuli za chai za Japani, ikafika kwa Mwingereza Bernard Leach, aliyefungua karakana yake St Ives mwaka 1920 na kuchapisha A Potter's Book mwaka 1940. Ni historia nzuri na sina ugomvi nayo. Lakini nilipotaka kujua wafinyanzi wa kwanza wa mkoa wangu, ilibidi nitoke idara ya sanaa na kwenda kwenye rafu za akiolojia. Huko ndiko ilikokuwa Urewe.

Urewe ni jina la mahali huko Nyanza, magharibi mwa Kenya, lililopewa mtindo mzima wa vyungu vya mwanzo wa zama za chuma. Vigae vyake vimepatikana Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, mashariki mwa Kongo, na kwa wingi hapa kwetu Kagera. Katuruka, kijiji kilicho upande wa Maruku, si mbali na mji wa Bukoba, ni moja ya sehemu hizo. Wazee wa pale walikuwa wakisimulia habari za mfalme Rugomora Mahe na mnara wa chuma aliotaka ufike mbinguni. Mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza, akachimba pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya wafua chuma ya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kitabu chake cha mwaka 1978, Historical Archaeology, kinawapa wazee hao nafasi yao: masimulizi ndiyo yaliyoongoza jembe.

Vigae vya Urewe vimesomwa sana. Vimetumika kukadiria tarehe, kufuatilia safari za wasemaji wa lugha za Kibantu, kuthibitisha uwepo wa chuma. Vimeitwa kutoa ushahidi mara nyingi kuliko shahidi yeyote wa eneo hili. Ila nadra kuulizwa swali ambalo mwanafunzi wa sanaa angeliuliza kwanza: aliyekitengeneza alikuwa anatafuta nini? Tazama midomo ya vyungu hivyo, iliyokatwa kwa pande mbilimbili au tatutatu kama ukingo wa jiwe lililochongwa. Tazama mistari iliyochorwa udongo ukiwa bado mbichi, mingine ikipishana kama ukili, mingine ikijikunja. Halafu kigeuze chungu. Chini, katikati ya kitako, mara nyingi kuna kibonyeo kama alama ya kidole kilichokandamizwa. Hapo ni mahali ambapo mtazamaji wa maonyesho haoni kamwe. Anayekijua kibonyeo ni yule anayekiinua chungu na kukipakata. Kwangu mimi hilo ni somo kamili la sanaa: kuna uzuri uliowekewa mkono, na jicho halina habari nao.

Sasa turudi kwa Leach, maana ukoo wake unafika Afrika. Mwanafunzi wake Michael Cardew alianzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja, Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kabla ya hapo alikuwa ameona katika nyumba ya Emir wa Abuja mitungi ya mwanamke aitwaye Ladi Kwali, aliyefundishwa na shangazi yake kufinyanga bila gurudumu. Mwaka 1954 Ladi Kwali akajiunga na kituo, mwanamke wa kwanza hapo. Aliendelea kuinua mitungi kwa mkono na kuichora mijusi na nyoka kama kwao, lakini sasa ilipakwa upako wa kioo na kuchomwa katika tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,200. Ilisafiri Ulaya na Marekani. Picha yake leo iko nyuma ya noti ya naira 20.

Ni mitungi ya ajabu kwa uzuri, na bado nina neno nayo. Neno hilo sikulipata kitabuni. Wakati mmoja wa likizo nilimpelekea bibi mmoja mfinyanzi, jirani yetu Muleba, mtungi nilioutengeneza chuoni. Ulikuwa na upako wa kijani, umeiva vizuri. Nilimwamkia, akaupokea kwa mikono miwili, akaugonga kwa kidole akasikiliza mlio wake. Akaniambia:

"Waitu, umelia vizuri. Lakini mjukuu wangu, huu utapoozaje maji na hautoki jasho?"

Swali lake ni la fizikia, na ni la uhakiki pia. Mtungi uliochomwa kwa nyasi na kuni, kwenye moto ambao kwa kawaida hauzidi sana nyuzi 900, hubaki na vitundu vidogo visivyoonekana. Maji hupenya polepole hadi nje, hewa inayakausha, na yanapokauka yanachukua joto la yale yaliyobaki ndani. Ndiyo maana maji ya mtungini yana ubaridi wake. Tanuri la chuo huviziba vitundu hivyo, na upako wa kioo humalizia kazi. Mtungi wa Ladi Kwali ulipoingia kwenye tanuri la Cardew ulipata ugumu, ukapata mng'ao, ukapata soko, ukaacha kupumua. Sura ya kijijini ilihifadhiwa na kazi yake ikaachwa. Nadhani mafunzo mengi ya ufinyanzi Afrika bado yamekwama hapo hapo: tunachukua umbo kwa bibi na kuchukua maana kwingine.

Ndipo namthamini Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma sanaa Uingereza, Cambridge na Farnham, na baadaye Royal College of Art. Katikati ya miaka ya 1970 alikwenda Abuja akajifunza kuinua chungu kwa mkono kwa Ladi Kwali. Vyombo vyake havina upako wa kioo. Anavipaka uji laini wa udongo na kuvisugua hadi ving'ae vyenyewe. Vikichomwa penye hewa ya kutosha vinatoka vyekundu kama machungwa yaliyoiva. Vikirudishwa kwenye moto ulionyimwa hewa vinageuka vyeusi. Mwaka 2019, katika maonyesho yake The Hepworth Wakefield, vilipangwa pamoja na vitu vya kale kutoka pande nyingi za dunia, na havikuonekana wageni.

Wahakiki wake hupenda kuzungumzia shingo, tumbo na nyonga, kana kwamba chungu ni picha ya mwanamke. Wako sahihi kwa kiasi, na hata Kiswahili kina shingo ya mtungi na tumbo la chungu. Ila mimi naona jambo jingine la maana zaidi: Odundo alipokuwa na uhuru wa kuchagua tanuri lolote na upako wowote, alichagua ngozi isiyovikwa kioo. Vyombo vyake havibebi maji, na hakuna atakayethubutu kuvitia maji. Hata hivyo vimefinyangwa na mtu anayejua kwamba chungu kina ngozi. Alichojifunza Abuja si umbo tu. Ni njia ya kufikiri kwa mkono.

Mtu anaweza kunijibu kwamba ndoo ya plastiki imeshinda, friji imefika hadi Kamachumu, na chuo cha sanaa hakina kazi ya kufufua mitungi. Nakubali nusu. Sidai kila mhitimu auze vyungu vya kupikia. Ninachodai ni kwamba ujuzi wa udongo wa mahali hauagizwi. Karibu na ziwa, Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na chungu chenye unyevu hupasuka motoni. Ni lini kikaushwe, wapi ndani ya nyumba, kwa moshi kiasi gani, hakuna kitabu cha St Ives kitakachokuambia. Yule bibi anajua. Wahenga walisema udongo upate ulimaji, na udongo wa bibi unakauka.

Kwa hiyo suala langu la mwisho ni la malipo na la cheo. Wanafunzi huja vijijini na simu, wanarekodi mikono ya wazee, wanarudi kuandika tasnifu. Mzee anapewa soda na kuitwa mtoa taarifa. Mfinyanzi hulia gaeni, ndivyo methali inavyosema, na tumeigeuza kuwa utaratibu wa utafiti. Ahmadu Bello, chuo kikuu cha Nigeria, kilimpa Ladi Kwali shahada ya heshima mwaka 1977, naye akafundisha huko. Kumbe inawezekana. Kozi ya ufinyanzi inayostahili jina hilo hapa kwetu ingeanzia na vigae vya Katuruka mkononi, ikaendelea bondeni kuchimba udongo, ikamweka yule bibi kwenye orodha ya walimu, kwa mshahara, na kumpa haki ya kumfelisha mwanafunzi ambaye mtungi wake hautoki jasho.