Heko Fundi wa Majiko

Jiko la makaa likipasuka udongo, mkazi wa mtaa wa Ayany halitupi. Hulipeleka kwa fundi. Heko kwake, maana kazi yake hunufaisha wengi na kusifiwa na wachache.

Kwanza hubomoa udongo uliopasuka, akakwangua saruji kuukuu mpaka bati libaki tupu. Palipobonyea hunyoosha kwa nyundo. Kisha hutia udongo mpya uliochomwa, wenye matundu ya kupitisha majivu, na kuziba kwa saruji pengo lililo kati yake na bati. Ustadi uko hapo: pengo likiachwa, udongo hucheza, bati huungua na joto hupotea pembeni. Fundi makini hukagua pia kilango cha chini. Kisipofunga sawasawa, hewa huingia ovyo na makaa huisha mbio.

Jiko hili la bati na udongo lilibuniwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa jua kali ndio waliolieneza. Wenzao wa leo wanalirefushia maisha. Kwa nyumba inayonunua makaa kwa mkebe, hiyo si nafuu ndogo. Mafundi, mikono yenu isichoke!