Harufu ya Mkojo wa Paka katika Nyumba ya Mawe

Katika nyumba kongwe za mwambao, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa, ambazo aghalabu haziachani na paka kwa kuwa pasipo paka panya hutamalaki ghala na dari, dume akiacha mkojo wake pembeni mwa ukumbi mwenye nyumba hupiga deki kwa maji na sabuni, akafukiza udi, na ifikapo jioni hudhani kazi imekwisha. Baada ya siku chache, hasa wakati wa masika hewa ijaapo unyevu, harufu hurudi kali kuliko awali, na lawama humwangukia mtumishi au sabuni, ilhali wote wawili hawana hatia.

Sababu ni kwamba kinachonuka mwishoni si kile kilichonuka mwanzoni. Mkojo wa paka, mnyama ambaye asili yake ni paka mwitu wa nchi kame, ni mzito, kwa kuwa figo zake zimezoea kubana maji. Umejaa urea, ambayo bakteria huivunja ikawa amonia, ile harufu ichomayo pua. Lakini amonia ni hewa, nayo huruka ikaenda zake. Pamoja nayo imo felinini, ambayo dume asiyehasiwa huitoa kwa wingi kuliko jike au dume aliyehasiwa; yenyewe haina harufu, bali huvunjika taratibu na kuzaa thioli, yaani michanganyiko yenye salfa, ambayo pua ya mwanadamu huitambua hata ikiwa chembe tu. Wako wanaoitaja asidi ya yuriki kuwa ndiyo asili ya balaa lote, na wauza sabuni hupenda kuyakariri maneno hayo. Lakini paka, kama walivyo wanyama wengi wanyonyeshao, huigeuza sehemu kubwa ya asidi hiyo kuwa alantoini, kwa hiyo naona asidi hii imeonewa.

Siki na maji ya ndimu, dawa mashuhuri za majumbani, huikamata amonia na kuifanya chumvi isiyoruka, na kwa hilo zastahili sifa. Ila thioli hazisumbuliwi nazo, na fauka ya hayo asidi hula chokaa, hata mtu amwagaye siki juu ya lipu huona mapovu yakifoka, ambayo si uchafu utokao bali ni ukuta wenyewe uyeyukao. Ama dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ikikutana na amonia huzaa hewa ya kloramini idhuruyo mapafu, na katika chumba chenye dirisha moja hilo si jambo la mzaha.

Dawa iliyozilenga thioli ilipatikana mbali nasi, tena kwa ajili ya uvundo mwingine. Mwaka 1993 mkemia Paul Krebaum wa Illinois, Marekani, alitangaza katika jarida la Chemical & Engineering News njia ya kuondoa uvundo wa skanki, mnyama wa huko afananaye na kicheche wetu, ambaye hujihami kwa kumrushia adui maji yenye thioli. Katika kazi zake alikwisha kutumia peroksidi ya hidrojeni yenye alkali kusafishia hewa ya salfidi ya hidrojeni. Paka wa mwenziwe aliporushiwa uvundo huo, akaona njia ile ile, ikipunguzwa ukali, yafaa kwa manyoya. Ni peroksidi ya asilimia 3, kiasi cha lita 1. Bikabonati ya soda, robo kikombe. Na sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai. Ustadi wake umo katika mgawanyo wa kazi: bikabonati huilainisha thioli ikawa tayari kushikwa, peroksidi huipa oksijeni hadi ikawa kitu kisichonuka, na sabuni huyafikisha hayo mawili ndani. Haiwekwi akiba, kwani huendelea kutoa oksijeni na chupa iliyozibwa hupasuka; hutengenezwa papo hapo, na salio humwagwa.

Juu ya lipu, shida ni kina. Chokaa na matumbawe hunywa, basi mkojo uliokwisha kuzama haufikiwi na kitambaa kipitacho juu. Hukaushwa kwanza, hushushiwa maji, hukaushwa tena, ndipo dawa humiminwa kwa wingi upitao ule wa mkojo na kuachwa ikauke yenyewe. Mafakihi wa Kishafii walikwisha kushika utaratibu wa namna hii bila kemia: katika najisi ya wastani, ambayo mkojo wa paka ni mmojawapo, aini, yaani najisi yenyewe, huondolewa kwanza, kisha maji yakapita, na rangi peke yake au harufu peke yake ikibakia kwa taabu ya kuitoa husamehewa. Mahali paweza basi kuwa twahara kwa sala na pua ingali ikilalamika.

Zulia la sufu lataka hadhari, kwa kuwa peroksidi hufifisha rangi. Lijaribiwe kwanza upindoni pasipoonekana. Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi huchujuka hata kwa maji matupu.

Godoro la sufi ndilo gumu kuliko yote. Nyuzi za sufi zina nta ya asili iyakataayo maji, kwa hiyo mkojo hupenya baina yake hadi chini, na dawa ikimiminwa hushika njia nyingine. Hilo hufumuliwa mshono, sufi iliyolowa ikatupwa, foronya ikafuliwa kwa dawa ile na kuanikwa juani, kisha likajazwa sufi mpya.