Ushuhuda Unaoishia na "Bado"

Ushuhuda wa kanisani una kanuni zake: unaanza na shida, unapita kwenye maombi, unafikia ushindi, watu wanaitika "Amina". Nimeusikia tangu utotoni hapa Lyulilo na bado naupenda. Lakini una mlango mmoja tu wa kutokea. Mchungaji aliyejifungua wiki sita zilizopita, halali, hali, anamwogopa mtoto wake, atasimama aseme nini? Jumamosi, kwenye soko la vyungu vya Wakisi, wanawake husimuliana mambo ambayo Jumapili hayasemwi.

KKKT iliridhia kubariki wachungaji wanawake mwaka 1990. Kwa hiyo anayeugua anaweza kuwa yuleyule tunayemtegemea atuombee. Tangazo la ibada litasema "amejifungua salama", na hiyo "salama" haihesabu akili yake.

Kuna andiko jingine, la kliniki: maswali kumi ya Edinburgh, yaliyochapishwa mwaka 1987. Mmoja wa watunzi wake, John Cox, alikuwa amefanya utafiti Uganda, ambako Waganda tayari walikuwa na jina la wazimu wa baada ya kuzaa: amakiro. Jina hilo lilibeba lawama, kwamba kulikuwa na uzinzi wakati wa ujauzito. Sisi tumebadilisha shtaka tu. Tunasema imani imepungua. Maswali ya Edinburgh hayamshtaki mtu. Yanauliza kuhusu siku saba zilizopita, na la kumi linauliza waziwazi kama mama amewaza kujidhuru. Ni maandishi makavu, tena yanaishia kwenye alama, lakini yanapokea jibu ambalo ushuhuda hulikataa.

Biblia yenyewe ni pana kuliko ushuhuda wetu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila neno la shukrani. Katika 1 Wafalme 19, Eliya anaomba afe. Malaika hamkemei wala hamkemei pepo. Anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anarudi.

Mama anayesikia sauti au anayewaza kumdhuru mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na maombi yamfuate huko. Anayepata nafuu polepole tumpe kipaza sauti kabla hajapona. Aseme, "Bado naumwa, nimeanza dawa," nasi tuitike Amina ileile.