Steringi Nani? Watazamaji, Wahakiki na Filamu ya Vuta N'kuvute

Utangulizi

Ukitaka kujua watu wameionaje picha, usiwaulize. Kaa nao tu picha ikishakwisha. Mmoja atasema picha kali, mwingine atasema "aa, ya kawaida tu", na wa tatu ataanza kuisimulia upya tangu mwanzo kana kwamba wenzake walikuwa wamelala. Na katikati ya ubishi huo halikosi kuzuka swali ambalo sisi wanafunzi wa fasihi tunaliona la mtaani mno: steringi nani?

Makala haya yanakusudia kulitetea swali hilo. Nadai kwamba ni swali la kihakiki kwelikweli, na kwamba mara nyingine linatufikisha mbali kuliko lile letu la darasani, "ujumbe wa msanii ni nini?" Nitalijaribu katika filamu ya Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999. Filamu hii ilioneshwa katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021, ikiwa ya kwanza ya Tanzania kupata nafasi hiyo. Mimi na wenzangu tumeitazama na tumebishana juu yake vya kutosha. Baadhi ya hoja zao nitazitumia hapa, hata zile nisizokubaliana nazo.

Kanuni ya mtaani

Neno "steringi" tumelirithi kwa waliotutangulia kwenye majumba ya sinema na vibanda vya video. Wengi hulifasiri kuwa ni mhusika mkuu, basi. Lakini wasikilize watazamaji wanavyolitumia. Steringi ni yule ambaye hadhira imeweka roho yake kwake. Ndiyo maana ipo kanuni inayojulikana hata kwa watoto: steringi hafi. Akipigwa risasi ya bega atajifunga kitambaa, ataendelea. Adui ndiye wa kufa, tena mwishoni, baada ya kutusumbua sana.

Thamani ya kanuni hii inaonekana pale inapovunjwa. Katika Sholay, picha ya Kihindi ya mwaka 1975, Jai na Veeru wanapigana bega kwa bega, lakini Jai anakufa na Veeru anabaki. Basi wapenzi wa picha za Kihindi hubishana: kumbe steringi alikuwa Veeru? Au tulidanganywa? Katika Mother India ya mwaka 1957 mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe, Birju. Hapo steringi ni mama bila ubishi, ila usteringi wake umelipiwa kwa damu ya mtoto aliyemzaa. Na katika Black Panther ya mwaka 2018 wapo watazamaji waliomsikitikia adui, Killmonger, kwa sababu aliuliza jambo la haki: ninyi wenye nguvu mlikuwa wapi watu weusi wenzenu walipokuwa wakionewa?

Kwa hiyo anayeuliza "steringi nani?" anauliza mambo matatu kwa pamoja. Kazi hii inatutaka tusimame upande wa nani? Inatushawishi kwa njia gani? Na nani anaumia ili huyo mmoja ashinde? Walimu wetu wataniwia radhi, lakini sioni tofauti kubwa kati ya maswali hayo na kile tunachokiita darasani "msimamo wa mtunzi".

Denge au Yasmin?

Sasa tuje kwenye Vuta N'kuvute. Wengi wetu tuliijua kwanza kama kitabu cha mtihani. Riwaya hii imekuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, na tulikariri dhamira zake kama tulivyokariri fomyula: ukombozi, ndoa za kulazimishwa, nafasi ya mwanamke, ubaguzi wa rangi. Matokeo yake, filamu ilipoanza wapo waliokuwa wakiitazama kwa kusahihisha. Hili limo, tiki. Lile halimo, kosa. Mwenzangu mmoja alilalamika kwamba filamu "imeruka vitu vingi". Jamani, kazi ya saa moja na nusu itaacha kuruka? Kuruka si hoja. Hoja ni kwamba baada ya kuruka, imetua kwa nani.

Riwaya inaanza na Yasmin. Ni msichana wa Kihindi wa Unguja, ana miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza mwenye miaka 52. Anachukuliwa mpaka Mombasa, ndoa inamshinda, anamwacha mume na kurudi Unguja. Jamaa zake wanamkana kwa aibu aliyowaletea. Anayempokea ni Mwajuma, mwanamke wa Kiswahili wa Ng'ambo, maskini lakini mwenye moyo. Zingatia jambo moja: katika hatua zote hizi Denge hayupo. Yasmin hajamjua mwanasiasa yeyote, hajasoma gazeti lolote lililopigwa marufuku, wala hajafundishwa neno "ukombozi". Ameamua mwenyewe kwamba maisha yale hayamfai, akatoka. Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayewindwa na akina Inspekta Wright, anamkuta Yasmin akiwa ameshavuta upande wake wa kamba.

Filamu imeubadili mpangilio huo. Denge na Yasmin wanakutana mapema kabisa, usiku, wakati Yasmin yuko njiani kupelekwa kuozwa. Kisinema ni tendo zuri: kijana anayekimbizana na serikali na msichana anayepelekwa kwa mume, njia zao zinapishana gizani. Hata mimi lilinishika. Lakini tuulize swali letu la mtaani. Tangu pale, Yasmin anapoanza kuikataa ndoa, tunasoma uamuzi wa nani? Mtazamaji hawezi tena kuutenga uasi wa Yasmin na sura ya Denge aliyoiona usiku ule. Katika kitabu siasa inamfikia mtu ambaye ameshaasi. Katika filamu mapenzi yanatangulia, na uasi unafuata nyuma yake.

Wapo wenzangu wanaosema hiyo ndiyo nguvu ya filamu, kwamba imeonesha jinsi mapenzi na siasa visivyotenganishika chini ya ukoloni: penzi la Mwafrika na Mhindi katika Unguja ya miaka ya 1950 lenyewe lilikuwa siasa. Nakubali nusu. Ni kweli kwamba kuta baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo zilikuwa za tabaka na rangi, na wapenzi hawa wanazivuka. Lakini nusu ya pili sikubali. Ukimpa Denge nafasi ya kuwa mwanzo wa kila kitu, unarudi kwenye hadithi tuliyoizoea mno: mwanamume anakuja na mwanga, mwanamke anaangaziwa. Shafi aliiandika hadithi nyingine. Riwaya yake haifungwi kwa habari za Denge. Denge anaondoka, na kitabu kinabaki na Yasmin anayetafuta namna ya kuishi. Kwa kanuni ya mtaani, anayeanza na kumaliza ndiye mwenye picha.

Kuhusu "slow" na kuhusu Mwajuma

Lawama nyingine niliyoisikia ni kwamba filamu "iko slow". Anayesema hivyo asidharauliwe, kwani ameuona mtindo, ila hajaueleza. Kamera ya Shivji inakaa kwenye vichochoro, vyumba vya taa hafifu na nyuso zinazongoja. Watu wanaowindwa hungoja sana, na polepole hiyo ina sababu yake. Kasoro yangu iko kwingine: picha ni nzuri mno. Kila ukuta unapendeza, hata ufukara wa Ng'ambo unang'aa. Mara nyingine nilijikuta naiangalia rangi ya ukuta nikamsahau mtu aliyeuegemea.

Asiyesahaulika ni Mwajuma. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarabu, hauzi sura hata kidogo. Akiingia, chumba kinapata joto. Watazamaji wengi niliozungumza nao, wakishabishana juu ya Denge na Yasmin, huishia kwa Mwajuma: "yule mama kaua". Nadhani wameona sawasawa. Yeye ndiye anayemfungulia mlango aliyefukuzwa na ndugu zake, bila hotuba wala chama. Ikiwa kuna ukombozi katika hadithi hii, unaanzia kwenye mkeka wake.

Hitimisho

Kwa nini nayasema haya yote? Kwa sababu wengi wetu tutakuwa walimu. Tutaingia madarasani na riwaya hii mkono mmoja na filamu yake mkono wa pili, na mwanafunzi mvivu atatazama filamu ili asisome kitabu. Tukimwuliza tu "taja dhamira tano", atazipata zote kwenye filamu, atafaulu, na ataondoka akiamini kwamba Denge ndiye aliyemtoa Yasmin kifungoni. Tukimwuliza "steringi nani, na umejuaje?", itambidi afungue kitabu, alinganishe, abishane na wenzake.

Filamu ya Vuta N'kuvute inastahili kutazamwa, tena zaidi ya mara moja. Inastahili pia kubishaniwa kwa ukali uleule ambao watu huubishania mwisho wa Sholay. Mimi nimeshataja wangu: ni Yasmin, na filamu imempunja. Anayesema ni Denge, au Mwajuma, na alete ushahidi.