Mdomo wa Kuazima

Asubuhi hiyo neno lilikuwa "three". Kidato cha kwanza kilikuwa na mikondo minne, nami niliingia kote, kipindi baada ya kipindi, dakika 50 kila kimoja, kulisema neno hilo hilo. Mwalimu mwenyeji husimama kushoto kwa ubao, mimi kulia. Akinitazama, natoa ncha ya ulimi katikati ya meno, nasema. Watoto 35 wanaitikia kwa pamoja: "Suri!" Nasema tena. "Suri!" Kengele ya mchana ilipolia nilikuwa nimelitamka neno lile mara nyingi kuliko nilivyowahi kulitamka tangu nizaliwe.

Wageni wa kazi hii ya kusaidia kufundisha Kiingereza huko Japani wamejibandika jina la kejeli: kinasa sauti chenye miguu. Mtu amemaliza chuo kikuu, amevuka bahari, halafu kazi yake ni kubonyezwa aseme na kubonyezwa anyamaze. Mwaka wa kwanza nililalamika pamoja nao. Leo nataka kuitetea kazi yenyewe, hasa ile sehemu yake inayodharauliwa zaidi.

Mpango mkubwa wa kuwaleta wageni hawa, unaojulikana kama JET, ulianza mwaka 1987 kwa watu 848 kutoka nchi nne tu: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Siku hizi wanatoka kila pembe, na wengine wengi huletwa na kampuni binafsi za ajira, mlango nilioingilia mimi. Mwenye darasa ni mwalimu wa Kijapani, aliye na leseni. Mgeni ni msaidizi. Tangu mwaka 2020 Kiingereza kimekuwa somo kamili kwa darasa la tano na la sita la shule ya msingi, kwa hiyo msaidizi mmoja huzungushwa shule kadhaa kwa juma. Mimi niliangukia mkoa wa Niigata, kwenye mpunga na theluji, nikiwa na raba za kuvaa ndani nilizozibeba kwenye mfuko kutoka shule hadi shule kwa sababu sapatu za wageni mlangoni ziliniacha visigino nje.

Ulimi una historia yake, na wangu ulinifaa kuliko cheti. Kijapani na Kiswahili ni ndugu katika jambo moja: neno la kigeni haliingii nyumbani kabla ya kuvishwa irabu. Sisi tulipokea basi, wao wakasema basu. Hoteli yetu ni hoteru yao. Keki ni keki pande zote mbili, ila wao wanaivuta kidogo, keeki. Kwa hiyo mtoto akisema "basu" hajaharibu kitu. Amesema Kijapani safi. Neno lake nilimwachia, nikamwongezea la pili.

Na ile l na r wanayochekwa kwayo dunia nzima? Nyumbani kwetu Nakuru wazee walikwenda kupiga kula, kisha wakarudi kura ugali. Mwenye historia hiyo hana meno ya kumcheka mtoto aliyetaka kuandika wali akaandika chawa, kwani katika Kiingereza vitu hivyo viwili vimetengwa na herufi hiyo moja tu. Hata "three" haikunikuta mikono mitupu: Kiswahili kina thamani na thelathini, ingawa mitaani zimeshakuwa samani na selasini.

Kilichonishinda kilikuwa ukimya. Shuleni kwetu mwalimu akiuliza swali, vidole vinapigwa hewani, "Mwalimu! Mimi! Mwalimu!", na nusu ya wanaopiga hawana jibu. Kule nikiuliza, darasa linatulia kama maji ya mtungini. Niliyemtaja anainamisha kichwa, anamgeukia jirani, wananong'onezana, wanashauriana, daftari linafunguliwa na kufungwa. Mimi, kwa ushamba wangu, nilidhani hakuna kinachotendeka. Nikarukia kujaza nafasi: nikarudia swali, nikalibadilisha, nikachora, nikajijibu. Ilinichukua muhula mzima kujifunza kuhesabu moyoni hadi kumi na tano huku uso wangu ukionyesha kwamba nina siku nzima. Kwenye kumi na mbili hivi, mara nyingi, sauti ilitoka.

Siku moja sikuhesabu. Mvulana mmoja alisimama akasema ana ndugu watatu, na ule wingi wa Kiingereza, s ya mwishoni, ukamponyoka. Nikamkata: "Hapana!" Nililisema kwa furaha kabisa, kama linavyosemwa kwetu, halafu maisha yanaendelea. Masikio yake yakaiva. Akaketi. Majuma matatu yaliyofuata nilikuwa naona utosi wake tu.

Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyefundisha kabla mimi sijaanza shule, hakunikemea wala hakunipa ushauri. Kipindi kimoja alichukua chaki, akaandika ubaoni sentensi ya Kiingereza kuhusu ndugu zake watatu, akaacha s. Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama kazi yake kwa kuridhika. Kisha akanigeukia mbele ya darasa zima: "Sensei, iko sawa?" Nikasita. Nikasema, polepole mno, kwamba labda kuna herufi moja imebaki nyumbani. Akajipiga paji la uso, akacheka hadi chaki ikamdondoka. Darasa likacheka naye. Utosi ule ukainuka, nikaona macho.

Nilipomshukuru ofisini alinitazama kama asiyeelewa ninasema nini, akanisogezea kikombe cha chai. Mpaka leo sina hakika kama alikubali kwamba alikosea makusudi. Nimeona mafundi wengi wa ualimu wakisifiwa kwa walichokijua. Huyu namsifu kwa alichokubali kuonekana hakijui.

Baada ya hapo sikuona aibu tena kuwa kinasa sauti. Mashine ingesema "three" sawasawa na mimi, pengine vizuri zaidi. Lakini kulikuwa na msichana wa safu ya tatu, dirishani, aliyekuwa akifunika mdomo kwa kiganja kila tuliporudia pamoja, kwa kuwa kutoa ulimi hadharani kulimtia haya. Juma baada ya juma nilisikia "suri" kumi na saba upande ule. Asubuhi moja nikasikia kumi na sita, na nyuma ya kiganja kitu kingine, upepo mwembamba. Sikumtazama. Niliomba darasa lirudie mara mbili zaidi kuliko ratiba, ili apate mahali pa kujificha huku akijaribu.

Saa ya chakula ndiyo iliyobaki ya mafunzo. Hakuna bwalo, darasa hugeuka meza. Wa zamu huvaa makoti meupe na kofia, wanasukuma toroli la masufuria, wanapakua kwa mizani ya haki hata mpishi wa harusi angewaonea wivu. Maziwa yakibaki, hugombewa kwa jan-ken, mchezo wa jiwe, karatasi na mkasi. Hapo waliogoma kipindi cha pili waliniuliza kwa mikono, meno na maneno manne ya Kiingereza kama nimewahi kumwona simba. Nilikiri nimemwona mara moja, kwa tiketi, kama mtalii yeyote. Walisikitika, lakini walikuwa wameuliza.

Mwaka wa shule Japani hufungwa mwezi Machi, na mkataba wangu uliisha nao. Siku ya mwisho yule wa dirishani aliacha karatasi juu ya meza yangu, imekunjwa mara nne, akatoka mbio kabla sijaifungua. Hapakuwa na sentensi ndani, wala jina, ila tarakimu mbili kwa wino wa bluu: 39. Kwa Kijapani tatu ni san, tisa ni kyuu. Zisome pamoja, haraka, bila kuutoa ulimi.