Wolai kwa Mkono, Paiki kwa Kisu

Kaskazini mwa Ontario, Kanada, yapo maziwa mengi yasiyofikiwa na barabara. Wavuvi hupelekwa kwa ndege ndogo zenye maboya badala ya magurudumu. Nyingine ni Beaver za de Havilland, zilizoacha kutengenezwa mwaka 1967 na hadi leo zinaruka. Wageni wanawafuata samaki waitwao wolai na paiki. Mimi humtazama zaidi anayewaongoza, mara nyingi mwenyeji wa asili, Mwojibwe au Mkrii, aliyekaa nyuma ya mashua mkono ukiwa kwenye injini.

Nyuma ya mboni ya wolai mna utando unaorudisha mwanga, hivyo huona vizuri magharibi na alfajiri, na jua likiwa kali hushuka kilindini. Upepo ukichafua maji, mwanga hupungua chini, naye huthubutu kula hata mchana. Ndiyo maana, mgeni akiomba ziwa litulie, kiongozi anaipeleka mashua kwenye ufukwe unaopigwa na mawimbi.

Chombo chenyewe ni duni: ndoana iliyosubiwa risasi kichwani, ya gramu saba hivi, na ruba au kidagaa kama chambo. Inashushwa hadi igonge mwamba, inainuliwa shubiri moja, inaachwa ishuke tena. Kazi yote iko hapo, kwenye kushuka. Wolai hanyakui, anafyonza, tena chambo kikiwa kinaanguka, na kinachoufikia mkono ni uzito kidogo tu, au uzi kulegea kabla ya wakati wake. Mkono mzuri huusindikiza uzi chini bila kuuachia wala kuuzuia. Mwanagenzi huvuta kila jiwe, na wolai akija kweli, hana habari.

Paiki hana siri hizo. Anavizia kwenye magugu, anarukia chochote king'aacho, na ukifunga kipande cha waya mbele ya ndoana ili meno yasikate uzi, hata mtoto atampata. Lakini asiyekusumbua majini atakusumbua mezani: nyama yake imefumwa vimifupa vyenye panda, na wengi humtupa kwa sababu hiyo. (Ni hasara; nyama yake ni nyeupe na tamu.)

Adhuhuri, ufukweni, bapa la kasia linageuka ubao. Kisu kinazama nyuma ya kichwa cha paiki mpaka kiguse ncha za vile vimifupa, kinalazwa, kinateleza juu yake hadi kwenye pezi la mgongo: mnofu wa kwanza. Miwili ya ubavuni inafuata kwa nje ya safu za mifupa, kisha miwili ya mkiani. Vipande vitano, na hakuna haraka hata moja. Kisu kinaongozwa na mfupa zaidi kuliko jicho.

Mafuta ya nguruwe yanayeyuka kwenye kikaango cha chuma. Kiongozi anadondosha njiti ya kiberiti humo. Ikiwaka yenyewe, vipande vilivyopakwa unga vinaingia. Mgeni anayeogopa kukwamwa na mwiba huonyeshwa kiunzi kwenye kasia, vimifupa vyote vingali vimesimama mahali pake.